Lango la Mtandao Lilivyonifungia Mwenyewe

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na kanzu ninayo mwilini. Kanzu ya Ijumaa, nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikunjo imekata tamaa.

Assalaam alaykum wana kundi. Wengi wenu mwanijua, ni Babu Hamisi wa Waa, yule mwenye ndevu nyeusi. (Hizo ndevu ziwekeni kando kwanza. Tutazirudia, nipende nisipende.) Naandika polepole kwa sababu natumia kidole kimoja, cha pili kimekatwa na kifuu cha nazi. Na shule mimi nilisoma mpaka mwalimu akachoka. Kwa hivyo mkikuta neno limeanguka njiani, liinueni mwendelee.

Sasa, ili mnielewe, lazima nianzie Diani. Msiharakishe. Mimi nilikuwa bawabu wa hoteli kule ufukweni, miaka mingi. Kazi ya lango ina sheria zake. Mtu akija unamuuliza: unakwenda wapi, kwa nani, utarudi lini. Anaacha kitambulisho. Akitoka anakichukua. Na ukienda kusali, ama umkabidhi mwenzio, ama ufunge. Lango haliachwi tupu. Siku moja nilimzuia mzungu mmoja amevaa kaptura ya kuogelea tu, maji yanamchuruzika, hana kitambulisho, ataka kuingia. Nikamwambia hapana. Akafoka, mimi hapana. Akaja meneja mbio, kumbe ndiye mwenye hoteli! Hakunifukuza. Alinipa filimbi.

Kwa hivyo lango nalijua. Nikataka mlijue hilo, kwa sababu kitu kilichoniangusha leo si uvivu. Ni kuijua kazi.

Siku hizi nimekaa lango la chama chetu cha mafuta ya nazi, hapa hapa Waa. Kina mama wanakamua mafuta, mke wangu, bibi yenu Mama Saumu, akiwa mmoja wao, ofisi inawatafutia wanunuzi. Ofisi yenyewe ina watu watatu. Meneja wetu Bi Kadzo, mtu wa Kinango, Mkristo, mpole mpaka umuudhi. Mwanasha, karani. Na Nasoro wa stoo.

Ugonjwa wa ofisi hiyo ulikuwa mtandao. Unalipiwa leo, haufiki mwisho wa mwezi, umekwisha. Mwanasha anatazama madera. Nasoro anatazama mpira. Na kuna mtu mwingine ambaye hatajwi, anayejibanza nyuma ya stoo na simu yake. (Mimi.) Meneja akiutaka mtandao wa kuandikia wanunuzi, haupo. Jana basi akaita fundi kutoka Ukunda, kijana wa bara anaitwa Kevo, akaja na sanduku dogo jeusi lenye taa za kijani zinazokonyeza kama limeona mchumba.

"Mzee wangu, hii inaitwa proksi," akaniambia.

"Kazi yake?"

"Inakaa katikati. Mtu akitaka kuenda kwa mtandao, lazima apitie hapa. Ikikubali, anapita. Ikikataa, anabaki."

"Anabaki wapi?"

"Hapa ofisini."

"Na akipita, yuko wapi?"

"Hapa ofisini."

Nikamtazama. Akanitazama.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, "akipita yuko hapa, asipopita yuko hapa. Tunamzuia nini?"

"Mzee, haendi na mwili."

"Anakwenda na roho?"

Akakuna kichwa. "Wacha tu, Mzee. Utazoea."

Sikuzoea. Lakini niliposikia neno kupita, na kukubali, na kukataa, moyo ukanituma kuwa hili ni lango. Lango ambalo halionekani, haya, lakini majini pia hawaonekani na watu wanawaogopa.

Ikabaki swali la nani awe anatoa ruhusa. Hapo ukazuka ugomvi.

"Ukimpa Mwanasha tumekwisha," Nasoro akasema. "Itakuwa madera kuanzia asubuhi."

"Na akipewa Nasoro," Mwanasha akamjibu, "tutatazama mpira mpaka nazi za stoo ziote."

Meneja kila mara yuko vijijini. Kevo akauliza, "Kwani hakuna mtu wa katikati?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama katikati ya mlango, na kikombe cha kahawa.

Basi nikapewa simu ya ofisi. Kwa kuwa macho yangu na herufi ndogo hawaamkiani, Kevo akaifanya iseme. Mtu akiomba kwenda mahali, simu inatamka kwa sauti: fulani anaomba kitu fulani. Ninabonyeza cha kijani, anapita. Chekundu, anarudi. Na kuna kidude kimoja kikubwa cheusi chini, Funga Lango, cha kubonyeza jioni watu wakitawanyika. Nilikipenda kidude hicho kuliko vyote. Kilinikumbusha filimbi.

Hiyo ni jana. Leo sasa.

Asubuhi Mama Saumu ananikunjulia kanzu huku ananipa maonyo. "Hamisi, leo yule mama wa Nairobi anayetengeneza sabuni anatutazama kwa video. Ataka aone mafuta na aone tunavyokamua. Mitungi imejaa ofisini, imejaa ukumbini, imeingia mpaka uvunguni mwa kitanda chetu. Asipochukua yeye, tunarudi kwa yule dalali, atupe bei ya maji ya dafu. Leo usinitie aibu."

"Mimi?" nikamwambia. "Nitakutia aibu vipi, nami niko langoni?"

(Kumbukeni nilivyosema hivyo.)

Nikafika kazini, simu ya ofisi mfuko wa kulia, simu yangu mfuko wa kushoto. Sijakaa, ya kulia ikaanza. Ina sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kimenyooka kama aliyejifunza kwa rula. "Mwanasha anaomba madera ya arusi. Ruhusu au kataa?"

Nikamwita langoni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kwenye madera, Babu. Ya arusi ya dada."

"Utarudi lini?"

Akacheka. "Nitarudi sasa hivi."

Mtu amekuamkia vizuri, ana arusi, utamkataaje? Kijani. Ikaja ya Nasoro. Nasoro hakuja kuniamkia, alipaza sauti kutoka stoo, "Babu, fungua huko!" Nyekundu. Akaja na shikamoo na kikombe cha kahawa. Kijani. Lakini kitambulisho chake nikakichukua, ndiyo sheria. Baadaye nikampitia stoo, nikamkuta macho yamo kwenye simu.

"Nasoro, umesharudi?"

"Sijakwenda popote, Babu. Niko hapa."

"Basi kitambulisho nakaa nacho mpaka urudi."

Akanitazama kama Kevo alivyonitazama jana. Naanza kuona watu wengi wana macho hayo.

Sasa sikilizeni hapa. Nikapatwa na jambo langu dogo la faragha. (Jambo gani? Ngojeni.) Nikaenda nyuma ya stoo, nikatoa simu yangu ya kushoto, ambayo Mwanasha aliiunganisha na mtandao wa ofisi zamani, nikainong'oneza ninalolitaka. Simu ikazungusha kile kiduara chake. Hapo hapo ya kulia ikapaza sauti: "Hamisi anaomba..."

Sikuingoja imalize. Hamisi gani huyo, asubuhi yote hii, hajaja kuniamkia? Nyekundu!

Nikarudi kwenye yangu. Imeandika: umekataliwa.

Eh! Nimekataliwa na nani? Bawabu si ni mimi? Nikanong'oneza tena. Ya kulia tena: "Hamisi anaomba..." Nyekundu! Huyu Hamisi ana kichwa kigumu, wallahi. Nikarudi kwenye yangu. Umekataliwa.

Nikaenda kwa Mwanasha.

"Hebu niambie, kuna Hamisi mwingine hapa ofisini?"

"Hakuna, Babu. Ni wewe tu."

"Basi tumeingiliwa. Kuna mwizi anatumia jina langu. Mara mbili nimemfukuza."

Mwanasha akaweka kalamu chini, akafungua mdomo, akaufunga. Wateja wakaingia, tukaachana hapo. Laiti angeufungua tena.

Kabla ya adhana, Meneja akapita langoni. "Babu, yule mama wa Nairobi atapiga mchana huu. Lango la mtandao liwe wazi, tafadhali."

"Litakuwa wazi, Meneja. Usiwe na shaka."

Na nilisema kweli! Ila kwetu sisi Ijumaa mchana hauna kazi. Kuna asubuhi, kuna sala, kuna pilau, ndipo mchana unaanza. Hata ukitaka kuozesha binti, hata ukitaka kununua mbuzi, husemi mchana wa Ijumaa ukakusudia wakati wa hotuba. Nikajua Meneja amekusudia tukisharudi. Bi Kadzo wa watu akajua amekusudia mchana.

Adhana ikaita. Nikatawadha. Lango la mbao nikalikabidhi kwa kina mama, walikuwa wamejaa uani na mbuzi zao za kukunia nazi, wanamsubiri mnunuzi wao. Mama Saumu amevaa leso mpya. Lango la mtandao je? Nimkabidhi nani? Nasoro anakwenda msikitini na mimi. Mwanasha ana arusi. Lango haliachwi tupu. Nikakibonyeza kile kidude cheusi, Funga Lango. Simu ikasema, "Lango limefungwa." Nikaizima, kama mtu yeyote mwenye adabu aendaye msikitini, nikainong'oneza yangu mara ya mwisho, huenda yule mwizi ameshachoka, ikazungusha kiduara tu, nikaizima nayo, nikatia zote mfukoni. Nikatembea kwa raha. Raha ya mtu aliyeiacha kazi yake imefungwa vizuri.

Msikiti ulikuwa umejaa. Nikapata nafasi karibu na dirisha, Nasoro kulia kwangu, kushoto kwangu rafiki yangu wa tangu utoto, Mzee Bakari. Khatibu akapanda mimbari.

Wasiojua niwaambie: khatibu akianza, hapasemwi neno. Hata mwenzio akizungumza, humwambii nyamaza, kwa sababu wewe mwenyewe utakuwa umezungumza. Nyoka akipita unamtazama tu apite.

Nikiwa nimetulia hivyo, nikaona kichwa dirishani. Bi Kadzo! Amejitanda leso ya kuazima, anahema, jasho linamtoka. Hawezi kuita. Akatia mkono sikioni. Nikafikiri: amefiwa. Nikamtikisia kichwa cha pole. Akatikisa mikono, hapana, hapana, akachora mraba hewani, kisha akafanya kama anafungua mlango. Nikafikiri: jeneza. Mungu wangu, nani? Machozi yakanitoka.

Nasoro alikuwa amemwona pia. Akanipiga kiwiko cha ubavu. Sikuelewa. Akanipiga kingine, akanionyesha mfuko wangu kwa kidevu. Nikaingiza mkono, nikakamata simu ya ofisi. Bi Kadzo dirishani akaruka kwa furaha. Kumbe ataka simu! Kama msiba, basi huenda ujumbe umo humo ndani. Nikaiwasha.

Jamani. Hakuna aliyeniambia kuwa simu ikiamka inapiga muziki.

Ti-ti-ri-rii! Msikiti mzima ukageuza vichwa. Khatibu akasita. Nikaifunika kwa kanzu, nikaibana kwa mapaja, na huko huko mapajani yule mwanamke wa rula akaanza kuyamwaga yote yaliyojikusanya nilipokuwa nimemzima.

"Meneja anaomba mazungumzo na mnunuzi. Ruhusu au kataa?"

Natafuta kijani chini ya kanzu, hakionekani.

"Meneja anaomba mazungumzo na mnunuzi. Ruhusu au kataa? Meneja anaomba mazungumzo na mnunuzi. Ruhusu au kataa?"

Hapo ndipo nikaelewa. Mama Saumu na leso yake mpya. Mitungi uvunguni. Mnunuzi. Mimi ndiye niliyemfungia!

"Nasoro anaomba dawa ya kukoroma."

Nasoro akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Mstari wa nyuma mtu akakohoa, kile kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Nikaitoa simu nje ya kanzu nione vizuri, maana aibu imeshatokea, bora niokoe mafuta. Hilo ndilo kosa. Chini ya kanzu ilikuwa inasemea tumboni. Nje, sauti ikafika mpaka kwa khatibu:

"Hamisi anaomba namna ya kupaka piko nyeusi ndevuni isijulikane kama imepakwa. Ruhusu au kataa?"



Enyi wenzangu, kuna kimya cha usiku, na kuna kimya cha wanaume msikiti mzima waliokatazwa kucheka. Mabega yote yanatetemeka. Mstari mzima, kama mabati kwenye upepo. Na mimi, badala ya kufa, nakumbuka nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kumbe yule mwizi ni mimi! Asubuhi yote najikataza mwenyewe!

Yule mwanamke akarudia, kwa upole, asije mtu akawa hakusikia. "Hamisi anaomba namna ya kupaka piko..."

Nikabonyeza. Kijani, chekundu, cheusi, vyote. "Lango limefunguliwa," akasema. "Karibuni." Bi Kadzo akatoweka dirishani, nikasikia viatu vyake vinakimbia.

Khatibu peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema. Akasema.

"Mzee Hamisi, zima simu. Hayo mengine tutayazungumza."

Tukasali. Sijui nilisoma nini, Mola apokee kitakachokuwa kimefika. Nilipotoa salamu kulia, Nasoro haniangalii. Nilipotoa salamu kushoto, macho yakakutana na ya Mzee Bakari.

Sasa hapa lazima nikiri. Miaka yote watu wakiniuliza, Hamisi, ndevu zako zimekaaje nyeusi umri huu, mimi huwaambia ni mafuta ya nazi. Kila asubuhi, kidogo tu, kwa kiganja. Na Mzee Bakari aliniamini.

"Hamisi," akaniambia tukivaa viatu, sauti ya chini, "mimi nimepaka mafuta tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

"Bakari, ndugu yangu..."

"Mito yangu inateleza. Nzi wananifuata. Mke wangu ananiita chapati." Akazishika ndevu zake, nyeupe pe, zinang'aa kama taa. "Na wewe ulikuwa unanitazama tu!"

Nikakimbilia ofisini. (Kukimbia kwangu mnakujua, ni kutembea kwa hasira.)

Nikakuta kina mama wamejaa mbele ya kompyuta, wanapiga vigelegele. Kwenye kioo yuko yule mama wa Nairobi, mnene, mchangamfu, anafuta machozi kwa kicheko. Mama Saumu ameshika mtungi mikononi kama mtoto.

"Amechukua?" nikauliza.

"Yote," Mwanasha akasema. "Gari linakuja Jumatatu."

Nikashusha pumzi. Kumbe mtandao ulipofungwa, Mama Saumu alimpigia simu ya kawaida, akamwambia, "Usiondoke, mama, mume wangu amefunga mtandao amekwenda nao msikitini." Na yule mama akasema kwa kisa hicho atangoja mpaka Magharibi, lazima aone mwisho wake. Mwisho wenyewe, Nasoro alishatangulia mbio kuupeleka, hata dawa yake ya kukoroma akaisimulia, mradi ya kwangu isikose.

"Ndiye huyu?" yule mama akauliza kutoka Nairobi. "Mzee, sogea karibu. Hebu geuka kidogo kwenye mwanga."

Nikageuka! Sijui kwa nini niligeuka.

"Imekaa vizuri," akasema. "Ila kwenye mashavu umezidisha."

Bi Kadzo akanyoosha mkono, nikampa simu ya ofisi. "Babu," akasema kwa ule upole wake, "wewe baki na lango la mbao." Nikamrudishia Nasoro kitambulisho, ingawa mpaka sasa sijaelewa kama alirudi.

Nikamvuta Mama Saumu kando. Nikamwambia, mke wangu, yale uliyoyasikia kuhusu piko, si hivyo, nilikuwa nataka tu kujua, maana kuna arusi ya dadake Mwanasha, na mtu...

Akaniwekea mkono begani.

"Hamisi. Foronya zafuliwa na nani?"

Nikazishika ndevu.

"Nafua mimi. Miaka yote hii. Ulifikiri nadhani weusi ule ni moshi?"

Basi haya ndiyo yaliyonipata, nimeyaandika mwenyewe kabla Nasoro hajayafikisha kwenu na chumvi. Mafuta yameuzika, mke wangu hana kinyongo, Bakari nitamnunulia pakiti ya piko. Na atakayecheka humu kundini nimeshamwona: siku akija Waa akapiga hodi kwangu, atangoja nje mpaka nimalize kubonyeza chekundu.